Kurasa Kumi na Sita Zilizokosekana

Bi Iolanda Cavalieri alikata vichwa vya mikunga kwa miaka thelathini na tisa, katika kiwanda kimoja hapa kwetu Comacchio, Italia. Shule aliiacha darasa la tano. Riwaya za upelelezi alizijulia kazini: mwenzake mmoja alikuwa akiwasomea wengine kwa sauti saa ya chakula, kisha akaolewa mji wa Ferrara na kuwaacha njia panda, maiti iko sebuleni na muuaji hajulikani. Iolanda akakitafuta kile kitabu, akakimalizia mwenyewe, akisoma kwa kidole. Tangu hapo hakuacha tena.

Mimi nina kibanda cha magazeti kando ya mfereji. Kila Jumamosi alinunua kitabu kimoja cha manjano, ndivyo tunavyoziita riwaya hizo kwa ajili ya rangi ya majalada yake. Sura ya mwisho hakuigusa kabla ya kuandika jina la muuaji kwenye karatasi ya mkate. Mara moja tu nilimwona amekasirika. Alikibwaga kitabu mbele yangu.

"Loris, muuaji ni pacha. Pacha mwenyewe katokea ukurasa wa mwisho."

"Sasa mimi nimefanya nini, Bi Iolanda?"

"Mpe mtu usiyempenda."

Masika moja vililetwa vitabu vyenye kasoro, vyote vya riwaya moja. Nilishauza kumi na viwili kabla ya kugundua kwamba kurasa kumi na sita za mwisho hazimo. Jumatatu asubuhi watu walinijia juu. Nerio, kinyozi mstaafu ambaye hakuwa msomaji kabisa ila alinunua kimoja kwa kuwa aliumwa mgongo, ndiye aliyefoka kuliko wote.

"Nimelala kitandani siku mbili na huyu marehemu. Nani kamuua?"

Nikapiga simu. Wachapishaji wakaahidi kuzileta kurasa hizo Alhamisi.

"Ya nini kungoja?" akasema Bi Iolanda. "Kama mwandishi ni mwaminifu, tumeshaambiwa. Tukae tufikiri."

Wakakaa mkahawani, jirani na kibanda changu, siku tatu mfululizo. Kisa kilikuwa hivi: fundi saa mjane amekutwa amekufa dukani kwake. Wanaoshukiwa ni watatu: mpwa wake, daktari, na mtumishi wa nyumbani aliyeapa kwamba asubuhi nzima alikuwa jikoni akipika mchuzi.

"Mpwa," Nerio akasema. "Ana masharubu membamba. Nimenyoa watu miaka arobaini, nawajua."

"Wewe kaa na masharubu yako," akajibu Bi Iolanda. "Ni daktari. Alitaja saa ya kifo kabla hata hajamgusa maiti. Alijuaje?"

Hoja hiyo ilitutuliza. Kufikia Jumatano mji mzima ulimhukumu daktari, na Nerio akabaki peke yake, akinuna.

Alhamisi kurasa zikafika. Bi Iolanda akavaa miwani, akatusomea kwa sauti. Daktari, kumbe, alikuwa ameshamwona maiti kupitia dirisha asubuhi ile, ndiyo maana akaijua saa, akanyamaza kwa kuwa alikuwa akitoka kwa mke wa mtu. Muuaji ni mtumishi. Katika sura ya pili, mpelelezi alipoingia jikoni asubuhi hiyohiyo, paka alikuwa amelala juu ya jiko la chuma, kajinyoosha kama askofu. Hakuna paka alalaye juu ya jiko linalochemsha mchuzi. Jiko lilikuwa baridi, na mtumishi alisema uongo.

Sote tulikuwa tumemcheka yule paka.

Nerio akaanza kufurahi. "Haya, bingwa. Umepika maisha yako yote, na paka kakupita."

Mimi nilidhani Bi Iolanda atakasirika kama siku ile ya pacha. Badala yake alicheka mpaka akavua miwani ajifute macho.

"Mwandishi kaniweka mbele ya jiko," akasema. "Nerio, mimi huyu! Kanionyesha kila kitu, halafu akanichekesha nisiangalie. Huyu kanishinda kwa haki."

"Sasa unafurahia kushindwa?"

"Yule wa pacha alinificha kitu. Huyu hakunificha. Ningalimpata muuaji, ningalikuwa tu nimempata. Lakini hivi, kila kitu nilichokisoma kimegeuka mbele ya macho yangu, na bado ni kilekile."

Nerio akakuna kichwa. "Basi hata masharubu yalikuwa mtego?"

"Yalikuwa masharubu tu, baba. Kunywa kahawa yako."

Adhuhuri hiyo Bi Iolanda hakwenda nyumbani kula. Alikaa kwenye benchi karibu na kibanda changu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza upya. Kila alipofika mahali ambapo mtumishi anadanganya, aliniita: "Loris, sikiliza huyu mwongo." Nikaacha wateja, nikaenda kusikiliza. Nerio alishasogeza kiti chake, anasoma begani kwake, akimwomba asifungue ukurasa haraka.