Mstari Mmoja wa Mvua

Jamani, hii naisimulia nikiwa nimeinamisha uso, na mtu asinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni bibi shamba wa Mgori, kijiji alichozaliwa mume wangu (usiombe kufanya kazi anapoishi mama mkwe wako).

Semina ya utabiri wa msimu ilitupa mchoro wa wiki za mvua: mstari wa bluu kwenye wiki inayotarajiwa kuanza, na pande zote mbili kivuli kipana, maana yake inaweza kuwahi au kuchelewa popote humo, hata kompyuta za watabiri zenyewe hazijakubaliana. Sasa mimi wakati naunakili kwenye karatasi kubwa ya mkutano nikaona kivuli kile kinachafua tu na kitaniletea maswali, nikakiacha, nikachora mstari peke yake, ukapendeza kweli.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mvua inaanza hapo?"

Nikaweka kidole kwenye mstari. "Hapo hapo."

Minong'ono ikaanza, maana huku ukipanda alizeti kavu, udongo bado vumbi, mvua ikija umewahi, isipokuja umelisha mchwa. Ndipo mama mkwe akasimama. "Huyu ni mkwe wangu. Kesho natia mbegu yangu yote ardhini, anayeogopa abaki." Aisee, nilivimba kichwa!

Basi kijiji kizima kikatoa ng'ombe wa kulima. Wiki ya mstari ikafika, yakadondoka manyunyu ya kudanganya, mbegu zikachipua, halafu jua likawaka mpaka miche yote ikakauka, na mvua yenyewe ikaja baadaye kabisa (ndani ya kivuli kile kile, msiniulize nilivyojisikia).

Mkutano uliofuata kila nikifungua mdomo vijana wananyoosha kidole hewani, "Hapo hapo!", watu hoi kwa kicheko. Nikaona heri nibandike mchoro halisi, nikaeleza kivuli ni nini. Kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo ulijua kwamba hujui?" mama mkwe akauliza taratibu.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mbegu nitaomba kwa dada yangu Mkiwa. Lakini nilisimama mbele za watu kwa ajili yako, mwanangu. Ungesema hujui, ningesimama vilevile."

Nililia pale pale, bibi shamba mzima. Siku hizi nachora kivuli kwanza, na mtu akiniuliza tarehe namwambia sijui, tena kwa sauti, mama mkwe akiwa amekaa mbele.