Nilimtuma Shemeji Mtoni, Kisha Nikamsingizia

Kosa ni langu, na sina wa kumtupia. Nimelificha miaka mitatu, sasa limenishinda. Nasema!

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu. Vita vikuu vilipokwisha, vijana wa mtaa tulikodi lori twende mandari milima ya Shimba, tupike pilau msituni kando ya mto. Nilimchukua shemeji yangu Athmani, ndugu wa pekee wa mke wangu.

Mama mkwe alitusindikiza hadi mlangoni. "Athmani, mtoni usiingie," akamwambia. "Na umsikize shemejiyo." Kisha akanigeukia: "Nimekupa amana, baba."

Amana! Nami nikaitikia nikicheka.

Mahali palikuwa pazuri, sikatai. Miti mirefu, na baridi tusiyoijua sisi watu wa kisiwani. Maji yalifika magotini tu, tukavuka tukapikia ng'ambo. Athmani alibaki upande wa huku, kwenye lori, akimenya vitunguu. Nilimtania sana, nikamwita mtoto wa mama.

Alasiri tulivuka kurudi, wenzetu wakatangulia kwenye lori. Hapo nikakumbuka sufuria ya kuazima iko ng'ambo. Maji yalikuwa yamepanda, rangi ya udongo. Mwanamke wa Kidigo aliyekuwa akiteka maji akatupigia kelele: "Msiingie! Kumenyesha huko juu!"

Nikamcheka. Jua linawaka, mvua gani? Nimezaliwa nikiyaona maji ya bahari yakijaa polepole na kupwa polepole, nikadhani na mto ni vivyo hivyo. Tena nishavaa kanzu yangu mpya, sikutaka kuilowesha. Jamani, kanzu!

"Yajaa taratibu tu haya," nikamwambia Athmani. "Wahi ukailete."

"Mama kan'kataza, shemeji."

"Hukuambiwa unisikize?"

Akavua viatu, akaenda. Alikuwa anarudi, sufuria kichwani, maji yalipokuja kwa mngurumo pamoja na magogo. Tulimpata kabla ya magharibi, amenasa kwenye mizizi. Hana uhai.

Msibani mama mkwe aliniuliza jambo moja: "Aliingiaje mtoni?"

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Aliingia mwenyewe, mama. Nilimkataza, hakusikia."

Yarabi! Kumsingizia maiti!

Tangu siku hiyo yule mama alikuwa na neno moja: "Mwanangu kaniasi." Wanawake wenziwe wakimsihi ampe marehemu radhi, hujibu, "Ulimi wampa, moyo wakataa." Akalia kwa uongo wangu miaka mitatu, nami nikimpelekea mkate wa mofa kila Ijumaa na kumuamkia kama mkwe mwema.

Mwezi uliopita aliugua. Siku tatu nilikaa kando ya kitanda chake, kila siku nikijiambia leo namwambia. Siku ya nne nikatoka kumnunulia ndimu. Niliporudi walikuwa wameshamfunika uso.

Usiku ule nilimweleza mke wangu yote. Hakupiga kelele. Alisema, "Ungemwambia yeye," akachukua buibui lake, akaenda kukaa nyumbani kwa marehemu mamake. Hajarudi, wala simlaumu.

Ndugu zangu, mkienda milimani na mwenyeji akawaambia tokeni mtoni, tokeni! Na ukiwa na neno la haki la kumwambia mtu, mwambie angali anasikia. Mimi nimekwenda kulisema kwenye kaburi la mama mkwe, lote, kwa sauti, na sijui kama limemfika.