Shina Huku, Ncha Kule

Dari ile iliangushwa na watu wawili, na nitawataja. Wa kwanza ni msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu lakini wa bara, aliyekuwa mlinzi wa maghorofa Silicon Oasis, Dubai. Wa pili ni Mskoti tuliyemwita sir, aliyemwamini yule kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa safi na changu kilikuwa cha gereji ya Satwa nilikofanya kazi.

Sir ndiye aliyeanzisha. Kwao, alituambia, watu hujitolea siku za mapumziko kujenga upya kijiji cha zama za kale, kuta za mawe na mapaa ya nyasi, ili watoto wajue walikotoka. Akataka na Dubai tufanye vile. Mzee mmoja mwenyeji akatupa kiwanja nyuma ya Al Twar, penye magofu ya nyumba za babu zake. Kila Ijumaa baada ya sala tukawa tunakwenda, kama watu kumi, bila malipo. Mimi nilivutwa na boriti. Mzee alikuwa amezirundika pale, boriti za mikoko zilizoletwa zamani kutoka kwetu Lamu. Baba yangu alikata mikoko maisha yake yote. Shule niliishia darasa la tatu, lakini boriti naijua.

Boriti ina shina nene na ncha nyembamba. Ukijenga dari unazipishanisha, hii shina huku, ile shina kule, uzito ugawike. Msimamizi akataka mashina yote yatazame barabarani.

"Yalla, haraka, yapange sawa, sir anataka picha nzuri."

"Itatuangukia," nikamwambia.

"Wewe uinjinia umesomea wapi? Satwa, chini ya gari?"

Watu wakacheka. Nikamtazama sir. Sir akatazama saa.

Niliyefanya naye kazi alikuwa mtu mzima wa Unguja, fundi wa kufunga kamba za usumba, zile za makumbi ya nazi. Fundo lake hulifungui ila kwa kisu. Akafunga boriti zilivyopangwa. Ijumaa iliyofuata sisi wawili tulikuwa chini tukisawazisha sakafu, wenzetu wakipandisha kwa ngazi udongo wa kushindilia juu ya dari. Upande wa ncha ukapinda, ukachomoka ukutani, dari yote ikaja. Mimi nilitolewa bega limesagika. Mwenzangu alivunjika nyonga, akarudishwa kwao kwa kiti cha magurudumu.

Kabla mwenzangu hajaondoka, msimamizi aliandika ripoti kwamba dari ilianguka kwa sababu kamba zilifungwa vibaya. Sir akatia sahihi. Mwenzangu alisomewa maneno yale kitandani hospitali. Akaniuliza tu, "Yakhe, fundo langu limefunguka?"

Nilikuwa nimeyaona mafundo yake kwenye kifusi. Halikufunguka hata moja.

Mkono wangu wa kushoto haupandi kupita kifua tena. Nilirudi kiwanjani hivyo hivyo. "Dari ile ile, boriti zile zile," nikamwambia sir, "ila msimamizi asiziguse." Akakubali, tukajenga miezi minne. Nikawafundisha wenzangu fundo la Unguja, mimi nikivuta kamba kwa meno.

Siku ya kumaliza, udongo wote ukiwa juu, nikapanda na watu wanane, nikakaa nao. Dari haikulia. Sir akapiga makofi, akauliza kwa nini hii imeshika kuliko ile.

"Boriti zimepishanishwa, sir. Fundo ni lile lile mliloandika kuwa ni baya."

"Hayo khalas, bro," msimamizi akadakia. "Yameshapita."

"Hayajapita. Karatasi iko wapi?"

"Iko ofisini kwa sir."

"Kailete. Mimi nashinda hapa hapa juu."

Jua lilikuwa kali. Wale wanane wakatazamana, lakini hakushuka mtu. Sir akaona haya mbele ya mzee mwenye kiwanja, akampa msimamizi ufunguo wa gari. Karatasi ilipofika, sir akatoa kalamu ayakate maneno yale mwenyewe.

"Hapana, sir. Akate aliyeandika. Na aandike boriti zilipangwa vibaya, na nani aliyezipanga."

Msimamizi akaandika juu ya boneti ya gari, uso ameukunja. Mganda mmoja akatusomea kwa sauti. Ndipo nikashuka, nikadai nakala yangu. Sijawasamehe, wala sikuahidi.

Kesho yake nikanunua kadi ya simu, nikampigia mwenzangu Unguja.

"Wamefuta," nikamwambia.

"Kafuta nani?"

"Yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wote, kaka."

"Aa, vizuri. Basi nisomee taratibu. Ngoja kwanza nimwite mke wangu naye asikie."