Vidole vya Siagi

Enzi zetu kwenye mashamba ya wazungu nje ya Nakuru, wasichana tulicheza kwa vijiwe. Tulivirusha na kuvidaka kwa mgongo wa kiganja mpaka tuitwe kula githeri. Aliyeangusha tulimwita "vidole vya siagi". Msemo huo Mama aliutoa jikoni kwa memsahib, mke wa mzungu mwenye shamba, alikoosha vyombo. Waingereza humwambia hivyo mtu anayeangusha vitu ovyo, kana kwamba vidole vyake vimepakwa siagi na kila kitu kinateleza.

Haikupita wiki bila kikombe kuvunjika. "Wanjiru, wewe iko na vidole ya siagi," memsahib alisema akicheka. Mama naye alicheka. "Ndiyo, memsahib. Nilizaliwa hivyo."

Hakuzaliwa hivyo. Ilikuwa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau. Watu wa laini zetu, zile nyumba za vibarua, walipochukuliwa kuhojiwa, askari alimkanyaga vidole kwa buti, na tangu siku hiyo vitatu vilikataa kukunjika. Asiyeweza kazi alifukuzwa shambani, akapakiwa kwenye lori kupelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, na sisi huko hatukuwa na ardhi wala nyumba.

"Mzembe anachekwa tu," Mama alituambia. "Kilema anaondolewa. Wacha wanicheke."

Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja nilimpelekea Mama leso yake aliyoisahau. Nilimkuta ameinama, anaokota vipande vya sahani. Memsahib alikuwa na wageni wawili, na mmoja aliigiza mikono ya Mama, vidole vikiwa vimekakamaa. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama si mzembe," nikasema. "Askari alimkanyaga vidole."

Memsahib aliushika mkono wa Mama, akajaribu kuvikunja vile vidole, kimoja kimoja. "Pole, Wanjiru," akasema, na nadhani pole hiyo ilitoka moyoni. Jumatatu nyapara alituletea karatasi ya kuondoka.

Kwenye lori nilingoja Mama anichape. Hakunichapa. Alinifunika blanketi tu, akatazama barabara.

Wajukuu wangu wa leo hawana siri. Wakila chapati lazima nchi nzima ijue kwa simu. "Shosho, mbona wewe huongei?" wananiuliza. Mara nyingine nataka kuwaambia wafunge midomo kidogo. Kisha nawaacha waseme. Hakuna lori linalowangoja.