Mstari Mmoja wa Akiba

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi mawasiliano kwenye kambi moja ya dhahabu upande wa Bulyanhulu. Ofisi yangu ilikuwa nusu ya kontena, na chumba changu cha kulala kilikuwa nusu ya pili. Nilitunza ruta, yale masanduku yanayoamua ujumbe wa kompyuta upite njia gani ili ufike. Wachimbaji walinitania kwamba nalipwa mshahara wa kukaa na masanduku. Hawakukosea sana. Kuna wiki sikuongea na mtu zaidi ya mlinzi aliyenisalimia asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikamwitikia.

Mke wangu na binti yetu mdogo walikaa Shinyanga mjini. Likizo ya mwisho binti aliniamkia vizuri kabisa, kisha akaenda jikoni kumuuliza mama yake mgeni ataondoka lini. Mama yake alicheka. Mimi nilicheka kwa kujikaza.

Ndiyo maana nilipoambiwa kuwa nikifaulu mtihani wa vitendo wa ruta nitahamishiwa ofisi ya Mwanza na kupewa nyumba ya familia, nilisoma kama kichaa. Mtihani ulifanyika Afrika Kusini, katika chumba chenye baridi ya kutetemesha meno. Mlikuwa na ruta sita, mimi, na msimamizi, mzee wa Kizungu aliyevaa sweta la kufumwa. Alinipa karatasi ya kanuni, akaniambia niisome mara mbili. Nikaisoma mara tatu. Kanuni moja ilisema ruta ziachwe zitafute njia zenyewe, mtahiniwa asiziandikie njia yoyote kwa mkono. Chini kabisa waliandika: ukiwa na shaka, muulize msimamizi.

Sikuwa na shaka hata chembe, na hapo ndipo nilipokitia kitumbua changu mchanga.

Mafundi wa ukanda ule wa dhahabu tulikuwa na desturi yetu: huondoki kwenye mnara wa mawasiliano bila kuiandikia ruta njia ya akiba kwa mkono. Mvua ikinyesha, mawasiliano yanayopitia mnara wa mlimani hukatika, na ule udongo mweusi wa mbugani hulinasa gari la fundi hata siku mbili. Fundi asiyeacha akiba tulimwita mvivu. Aliyenikabidhi kazi alinifundisha hilo kabla hata ya kunionyesha choo kilipo. Basi kanuni ile niliielewa kwa akili ya kwetu: wanamkataza mtu mzembe, anayeandika njia kwa mkono kwa sababu hajui kuzifanya ruta zielewane. Mimi si mzembe. Ruta zangu zilikuwa zimeelewana zote kufikia saa nane mchana. Nikaongeza mstari mmoja tu wa akiba, ambao usingeshika kazi mpaka njia kuu ikatike, nikaegemea kiti nikijiona fundi kweli kweli.

Mzee alikagua kimya kimya, akitia alama moja baada ya nyingine. Kisha kalamu ikasimama.

"Mstari huu ni wa nini?"

"Ni akiba tu, mzee. Hautumiki sasa. Njia kuu ikikatika ndipo utashika."

"Nani amekuambia itakatika?"

Ruta zilikuwa pale juu ya meza, zimeunganishwa kwa waya usiofika mita moja, ndani ya jengo ambalo hata vumbi halikuingia.

"Kanuni inakataza, na mtihani unaishia hapo," alisema bila ukali. "Ungeniuliza. Nimekaa hapa siku nzima."

Neno hilo liliniuma kuliko kufeli kwenyewe. Siku nzima alikuwepo mtu wa kuongea naye, hatua nne kutoka nilipokaa, na haikunijia kabisa kwamba ningeweza kufungua mdomo.

Nilirudi kontenani. Wiki hiyo hiyo mvua kubwa ilinyesha, mawasiliano ya mlimani yakakatika, na njia ya akiba ikashika. Barua za ofisi ziliendelea kwenda na kuja, wala hakuna aliyejua kumetokea nini. Nilikaa nikiyaangalia masanduku yale kwa hasira.

Jumamosi nilimpigia mke wangu simu. Alikuwa ananisubiri, kama kawaida, kwenye duka la Mhindi jirani yetu.

"Umefaulu?"

"Bado. Nimekoseshwa na mstari mmoja."

"Mstari mmoja! Si ungeufuta?"

"Nilisahau kwamba upo," nikasema, na huo ulikuwa uongo. Niliuweka kwa akili zangu timamu.

Nilisikia mizani ya dukani ikigonga, na mtu akiulizia chumvi. Kisha mke wangu akasema, "Ngoja umsalimie mwanao."

"Shikamoo," binti alisema, kwa sauti ile ya kuwaamkia wageni.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Kisha akamgeukia mama yake, mdomo ukiwa bado kwenye simu, akauliza, "Nimwambie nini tena?"