Mwimbaji wa Tatu wa Wimbo wa Sita

Kazini wanamwita Mama Faili, na jina hilo amelipokea kwa mikono miwili. Ana miaka ishirini na minne kwenye masjala ya hospitali, chumba kilichobanwa chini ya ngazi, chenye rafu za chuma tangu sakafuni hadi darini na dirisha dogo la kupokelea karatasi. Madaktari huja pale na haraka zao, wakidai mgonjwa fulani aliwahi kupasuliwa tumbo, wanakumbuka wenyewe, walikuwepo. Mama Faili huwatazama juu ya miwani. Kama hakuna karatasi, hakupasuliwa. Hana dogo katika hilo. Daktari bingwa mmoja alimnunia miezi miwili kwa sababu hiyo, na yeye akamnunia mitatu ili wasilingane.

Sasa mtu wa namna hiyo, siku alipoijua kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na yeyote anayetaka, alijiona amefika nyumbani. Huko nako sheria ni ileile. Ukiandika jambo, onyesha chanzo chake, kitabu au gazeti; usipoweza, mwenzako atalifuta. Unachokijua wewe kichwani mwako hakihesabiki. Alijiunga kwa jina lilelile la kazini, na kila mchana, akishamaliza chai na mkate wake, hufuta vidole kwa leso na kurekebisha makala za watu wasiojulikana. Alianza na tarehe zilizokosewa, akahamia kwenye magonjwa ya ngozi, akapita kwenye mito, na mwishowe akaangukia kwenye albamu.

Albamu yenyewe inaitwa Nisubiri Kituoni. Nyimbo nane, bendi ya vijana waliovuma miaka miwili kisha wakatawanyika, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Hakuna mtu wa rika la Mama Faili ambaye hajaicheza kwenye harusi. Makala yake ilikuwa mistari mitatu ya kutia aibu, naye akaivalia njuga pamoja na mhariri mwingine aliyejiita Msumari. Huyo Msumari alikuwa na marundo ya magazeti ya zamani na hakujua salamu. Alikuwa akifungua mazungumzo kwa kuuliza chanzo kiko wapi, na kuyafunga kwa kufuta. Mama Faili hajui mpaka leo kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Walibishana siku nne nzima kama albamu iitwe ya pop au ya dansi, maneno elfu kumi na moja kwenye ukurasa wa majadiliano, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Kwa muda wa miaka mitatu waliijenga makala ile mpaka ikawa na habari za studio iliyozibwa kuta kwa trei za mayai, siku nne za kurekodi, na orodha ya kila mtu aliyegusa chombo.

Ila orodha hiyo ilikuwa na pengo. Jalada la kaseti linataja waitikiaji wawili, na mwenye masikio anasikia watatu. Sauti ya tatu imo kwenye wimbo wa sita, mwishoni mwa kiitikio, inapopanda juu ya zile mbili na kubaki huko. Nyumbani kwa Mama Faili hapakuwa na siri kuhusu mwenye sauti hiyo. Ni Dada.

Dada ni fundi cherehani, amemzidi Mama Faili miaka kumi na moja. Mama yao alipofariki, Dada alikuwa na miaka ishirini na bendi ilikuwa imemwita kuimba. Akaenda studio, albamu ikatoka, kisha akaachana na muziki, akaketi kwenye cherehani ya marehemu na kumlea mdogo wake wa miaka tisa. Alimsomesha kwa zipu na mapindo mpaka akapata cheti chake cha ukarani. Kuhusu kuimba hakusimulia kitu. Aliyesimulia ni yule mdogo, aliyesimama chini ya dirisha la jirani mwenye redio na kuwatangazia watoto wote wa mtaa kwamba huyo anayeimba ni dada yake.

Ndiyo maana jambo hili lilimkaa rohoni. Jina la Dada halijapata kuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi za kliniki na kibao cha mlangoni. Mama Faili alitaka liandikwe mahali ambapo watu hutazama, nalo liwe shukrani yake, kwa maana aliamini kwamba Dada aliacha kuimba kwa ajili yake. Alipodokeza kwenye ukurasa wa majadiliano, bila kusema ni nduguye, Msumari aliuliza lile swali lake. Gazeti hakuwa nalo. Basi Jumatatu moja Mama Faili akafanya kitu ambacho, kama karani wake angekifanya, angemfukuza siku hiyo hiyo. Aliandika sentensi moja, kwamba sauti ya tatu ya wimbo wa sita ni ya fulani binti fulani, bila chanzo, akabonyeza kuhifadhi na kufunga kompyuta upesi.

Sentensi ilikaa siku tisa, maana Msumari alikuwa safarini. Aliporudi aliifuta na kuandika kwamba hakutegemea jambo kama hilo kutoka kwake yeye. Mama Faili aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, pale pale kwenye kiti chake.

Wiki mbili baadaye Msumari akarudi tena, safari hii kwa furaha. Gazeti moja la kila wiki lilikuwa limechapa safu kuhusu Nisubiri Kituoni, na humo ndani iliandikwa waziwazi kwamba mwimbaji wa tatu ni Dada, jina lake lote. Msumari aliirudisha sentensi kwa mkono wake, akaitundikia tanbihi ya gazeti, na kuandika, "Nilikukosea. Ulikuwa sahihi." Juu ya hapo akapendekeza Mama Faili apigiwe kura awe mmoja wa wasimamizi wa kamusi.

Mama Faili alilisoma gazeti mara moja tu akaelewa. Sentensi zilikuwa zake, mkato kwa mkato. Hata tarehe ya kurekodi ilikuwa na kosa ambalo yeye mwenyewe alilifanya Jumatatu ile na kulisahihisha wiki iliyofuata. Mwandishi wa safu alikuwa amenakili makala katika zile siku tisa, na sasa makala ilikuwa inamtaja mwandishi huyo kuwa shahidi. Ushahidi wote ulikuwa Mama Faili akijijibu mwenyewe. Alipaswa kusema. Akanyamaza, akijituliza kwamba hata kama njia imepinda, alikofika ni kwenye ukweli, na nani ameumia?

Jumamosi alichapisha ukurasa ule kwenye karatasi nzuri na kumpelekea Dada. Karakana ya Dada ni chumba cha mbele cha nyumba yake, kina cherehani mbili, meza yenye alama za chaki, na siku hiyo kilikuwa na rundo la sare za shule zisizo na vifungo. Dada alikuwa na pini midomoni. Alisoma akifuatisha kwa kidole, akafika mwisho, akaanza tena juu. Kisha akazitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kimto.

"Itoe hii, mdogo wangu."

Mama Faili alidhani ni unyenyekevu. Alimwambia aache mambo yake, watu nao wajue.

"Wajue nini? Ile sauti si yangu."

Akaeleza bila kupandisha wala kushusha sauti, huku akikunja karatasi. Aliimba siku tatu, ndiyo. Siku ya nne fundi mitambo akasema sauti yake ni nzito, inawafunika wenzake. Palikuwa na msichana aliyefagia studio, wakimwita Kadogo. Wakamjaribu kwa mzaha, naye akaimba mara moja tu bila kurudia. Kanda zilikuwa adimu, wakamrekodi juu ya ile ile ya Dada, kwa hiyo alichoimba Dada kilifutika chote. Alipanda basi akarudi nyumbani na hakumwambia mtu.

"Mbona hukuniambia mimi?" Mama Faili aliuliza.

"Ulikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na miezi mitatu kaburini, ulikuwa unalia kila siku. Redio ikapiga ule wimbo, ukaniuliza kama ni mimi, na ulikuwa unacheka. Ningekujibu nini?" Dada aliweka karatasi mezani. "Nikasema utakua, nitakwambia. Ukakua, nikakuta umeshawasimulia watu wote, mpaka wakwe zako."

Mama Faili alikaa juu ya rundo la sare. Aliuliza kile kilichomtisha zaidi, kama basi Dada hakuacha muziki kwa sababu yake.

"Muziki ndio ulioniacha mimi," Dada akasema. "Wewe ulinikuta sina pa kwenda."

Jumatatu mchana Mama Faili hakugusa mkate. Aliifuta sentensi, akaandika kwamba ina makosa. Haikupita nusu saa Msumari akairudisha. Sentensi ina chanzo, alisema. Anayekanusha naye alete chake. Mama Faili alicheka peke yake masjalani, kicheko kisicho na raha, maana jibu hilo angelitoa yeye neno kwa neno. Alikuwa na kauli ya mtu aliyekuwepo, na kauli ya mtu aliyekuwepo haihesabiki.

Ilibaki njia moja. Alifungua ukurasa wa majadiliano, ambao unasomwa na kila mtu na haufutiki, akaandika kwamba gazeti lilinakili kutoka kwake. Alionyesha ile tarehe iliyokosewa, ipo kwenye gazeti na ipo kwenye makala ya zile siku tisa, na haipo kwingine kokote. Aliandika kwamba mtajwa ni dada yake wa tumbo moja, kwamba alijua hana chanzo alipoandika, kwamba alijua gazeti si chanzo na akanyamaza, na kwamba hata hicho alichokiandika si kweli. Akaliondoa jina lake kwenye kura ya wasimamizi.

Siku ya tatu sentensi ilikuwa imeondoka, na chini ya maelezo ya Mama Faili palikuwa na mstari mmoja. "Imeondolewa. Nilitaka sana iwe kweli." Tangu wajuane, hilo ndilo neno pekee la Msumari ambalo halikuhitaji chanzo, na Mama Faili alilia kidogo, akafungua dirisha la karatasi na kuendelea na kazi.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Dada akishona vifungo.

"Umeshanitoa?"

"Nimekutoa."

"Na Kadogo umemweka?"

Mama Faili alieleza kwamba haiwezekani. Hakuna jalada wala gazeti lililowahi kumtaja, hata jina lake halisi hawalijui. Makala sasa inasema mwimbaji wa tatu hajatambuliwa, basi. Dada aliacha sindano.

"Mimi ambaye sikuimba niliingia na tanbihi, na yeye aliyeimba haingii?"

Kwa miaka ishirini na minne Mama Faili amewapa madaktari jibu la swali la aina hiyo bila kupepesa macho. Siku hiyo alikiri kwamba hanalo. Dada akamwambia basi aupige huo wimbo, wamsikie walau wao wawili.

Aliuweka kwenye simu, akaiegemeza kwenye mkebe wa vifungo. Kiitikio kilipofika mwisho, ile sauti ikapanda, nyembamba, nyepesi, ya msichana mwenye haraka. Mama Faili alishindwa kuelewa alikosea vipi. Sauti ya Dada ameisikia kila siku ya maisha yake ikimwita aamke, ikimkemea, ikimwuliza amekula nini, na haikufanana na hii hata kidogo.

"Alijua kuimba," Dada alisema.

Kiitikio kiliporudi mara ya pili, Dada akaimba naye, macho kwenye kifungo, ile sehemu aliyoiimba siku tatu ikafutwa. Fundi mitambo hakuwa amesema uongo. Sauti ilikuwa nzito, ilimfunika yule msichana na wenzake wote wawili. Mama Faili alinyoosha mkono akaizima simu, amsikie vizuri.