Dakika Nane za Injinia

Pale zahanati walimwita Mama Daftari, na yeye hakuona ubaya, maana daftari alikuwa nalo kweli. Alikuwa karani wa masijala, huu mwaka wa ishirini na mbili, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi. Kila karatasi iliyoingia zahanati ile ilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyowahi kupotea. Barua ya mwaka ule paa lilipovuja ipo. Maelezo ya kutumia birika la umeme yapo, ingawa birika lenyewe lilishakufa zamani. Mtu akikunja karatasi na kuitupa mbele yake, alimtazama kama vile ametema mate sakafuni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa Injinia.

Kwanza tuelewane: Injinia hakuwa injinia. Alikuwa shemeji yake Bosi, kaka wa mkewe, aliyekuwa akiuza makava ya simu mpaka siku moja akaamka na begi la mgongoni na kadi zenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Bosi naye, aliyekuwa meneja wa zahanati na mtu wa kuogopa mke kuliko Mungu, akampa kazi ya kuifanya kompyuta ya mapokezi iwe ya kisasa.

Kompyuta yenyewe, ambayo Mama Daftari aliitumia kuwaandikisha wagonjwa, ilikuwa ya kale, lakini ilikuwa ikiwaka kwa dakika moja na nusu. Mama Daftari alijua, aliandika. Injinia akaifungua kwa mbwembwe, akang'oa diski ya zamani, ile inayozunguka na kuvuma, akapachika SSD, diski nyembamba isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, ambayo kazi yake hasa ni kuifanya kompyuta iamke upesi. Boksi la ile diski mpya akalitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na kikaratasi chake, hata hakukikunjua.

"Makaratasi ni ya wanaojifunza, mama," alisema, akipangusa mikono iliyokuwa haina hata vumbi.

Mama Daftari alisubiri aondoke. Kisha aliliokota boksi na kikaratasi chake, akavifungulia faili na kuvipa namba.

Kesho yake asubuhi alibonyeza kitufe, kompyuta ikawaka kwa dakika nane na sekunde arobaini. Alidhani saa yake imeharibika. Siku iliyofuata, dakika nane na sekunde arobaini. Na kwa kuwa umeme wa pale ulikuwa ukikatika mara mbili tatu kwa siku, kila ulipokatika akina mama wenye watoto wenye homa walikaa tena kwenye benchi wakimtazama yeye, siyo Injinia. "Huyu naye mzito!" mmoja alisema, tena kwa sauti.

Injinia akaitwa. Akasema ni virusi, akapiga windo upya, yaani akaifuta Windows yote na kuiweka tena. Dakika nane na sekunde arobaini. Akaitwa tena, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya maiti, akapiga windo upya. Ile ile. Mara ya tatu, alipoona hana la kusema, akapata la kusema.

"Mashine haina tatizo, shem," alimwambia Bosi. "Tatizo ni mtumiaji. Mama anaizima vibaya. Kitu cha kisasa kinataka mtu wa kisasa."

Na Bosi, mtu mzima na tai shingoni, akalimeza neno hilo bila kutafuna! Ijumaa ikatoka barua: kuanzia tarehe mosi Mama Daftari atahamia stoo ya magodoro, kwa kuwa kasi yake haiendani na mfumo mpya. Aliisoma kwa kusimama. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Miaka ishirini na miwili, halafu akalinde magodoro.

Jioni alimwonyesha mumewe, fundi redio mstaafu, mzee aliyeamini kuwa kila kitu kilichotengenezwa baada ya yeye kustaafu ni takataka. Alikuwa jikoni akinywa chai.

"Hiyo kompyuta inakwama wapi?" mzee aliuliza, barua hata hajaimaliza.

"Pale mwanzo kabisa. Linatokea jina la kampuni iliyoitengeneza, linaganda hapo. Windo yenyewe haijaanza hata kuja."

"Na huyo bwana wenu anapiga nini?"

"Anapiga windo."

Mzee aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akapaliwa. "Mlango umekwama, yeye anapaka rangi chumbani! Ala! Na mshahara anapewa?" Alipopata pumzi akaenda kuleta bisibisi yake ndogo. "Badili kitu kimoja kimoja, mke wangu. Ukibadili viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikuponza. Na andika."

"Kuandika unanifundisha mimi?"

"Haya, haya, samahani."

Jumamosi mchana mapokezi yalikuwa yamefungwa. Mama Daftari alibaki na mtaalamu wa maabara, binti mtaratibu aliyemwita mama na kumheshimu kama mama. Wakaifungua kompyuta. Wakarudisha diski ya zamani, ambayo Mama Daftari alikuwa ameihifadhi nayo: dakika moja na nusu. Wakapachika SSD: dakika nane na sekunde arobaini. Kisha wakaichukua SSD ile ile wakaijaribu kwenye kompyuta ya maabara, ambayo ni mpya. Sekunde ishirini.

"Kumbe diski ni nzima," binti alisema.

"Na kompyuta nzima. Hazipatani tu. Nifungulie ile kabati."

Kikaratasi kilikuwa ndani ya faili lake, kimenyooshwa. Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta, lakini yalisema waziwazi: kwa kompyuta za zamani, isasishwe kwanza programu ya ubao mkuu, ile inayoamsha mashine kabla ya windo, la sivyo mashine itachukua muda mrefu kuitambua diski hii. Mistari miwili tu! Mtu ameshindwa kusoma mistari miwili, mwenzake anapelekwa kwenye magodoro.

Binti aliipakua ile programu kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wa kompyuta, akaiweka kwenye flashi. "Tuiweke sasa hivi, mama?"

"Mashine ni ya ofisi. Jumatatu nitaomba ruhusa." Wakarudisha kila kitu kama walivyokikuta.

Jumatatu alimkuta Bosi na shemeji yake wakinywa chai. Alieleza kwa sentensi nne. Injinia alicheka kwa pua.

"Sasa mama anatufundisha kompyuta! Kwa boksi alilookota jalalani!"

"Mama, wewe shughulika na mafaili yako," Bosi alisema, bila hata kuinua macho. "Na anza kupanga vitu vyako vya kuhamia stoo."

Alirudi mezani kwake. Alifungua daftari, akaandika siku, saa na maneno yaliyosemwa.

Alhamisi alikuja mwenyekiti wa bodi, nesi mstaafu mwenye sauti nzito na subira fupi, kuuona huo mfumo mpya. Injinia alikuwa amevaa koti. Alijipiga kifua robo saa nzima: mara kasi, mara usasa, mara zama mpya. Bosi akaitikia kwa kichwa kila neno.

"Vizuri," mwenyekiti alisema. "Izime, uiwashe nione."

Injinia akaizima. Akaiwasha. Mama Daftari akafungua daftari, akavua saa na kuiweka mezani.

Jina la kampuni likatokea, likaganda. Dakika ya kwanza Injinia alitabasamu. Dakika ya pili alieleza kuwa mashine "inajipanga". Ya tatu akagusa waya. Ya nne koti likawa zito, akalivua. Ya tano Bosi alikohoa. Ya sita mtoto mmoja kwenye benchi aliuliza kwa sauti kama imekufa, na hakuna aliyemkanya. Kufikia ya nane Injinia alikuwa ameloa kama aliyenyeshewa.

"Nane na sekunde arobaini," alisema Mama Daftari kioo kilipobadilika. "Kama kawaida."

"Nani hapa anayeijua hii mashine?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Daftari alileta faili na flashi. Alisoma ile mistari miwili kwa sauti, taratibu, ili na aliyekuwa akiuza makava asikie. Binti wa maabara akasimamia ule usasishaji, naye akaomba kimya kimya umeme usikatike. Haukukatika. Wakaizima, wakaiwasha: sekunde ishirini na mbili.

Injinia alikumbuka kuwa ana mteja mahali. Aliondoka bila koti lake.

"Sasa mama, kumbe ulikuwa unajua, mbona hukusema?" Bosi alijichekesha.

"Nilisema Jumatatu, saa mbili na dakika kumi. Ukaniambia nishughulike na mafaili." Alimgeuzia daftari asome. Mwenyekiti naye akainama akasoma.

Bosi alirekebisha tai yake. "Basi ile barua ya stoo... ichane tu, yaishe."

"Masijala hatuchani barua, Bosi. Inakaa kwenye faili mpaka ije nyingine ya kuifuta." Aliinuka, akamvutia kiti. "Mashine hiyo, imeshawaka. Andika."

Bosi aliketi, mwenyekiti amemsimamia mgongoni, akaanza kuitafuta herufi ya kwanza kwa kidole kimoja. Mama Daftari aliitazama saa, akafungua ukurasa mpya. Mistari minne ilimchukua Bosi dakika kumi na moja na nusu, na Mama Daftari akaziandika hizo pia.